Mpima Bahari wa Skjelvær

Watu wa bara wakisikia kwamba baharini nako kuna masika na kipupwe, na kwamba maji huota kama shamba, hucheka. Wacheke tu. Nimeendesha duka hapa kisiwani Skjelvær miaka thelathini na minne, na sijaona mwaka ambao bahari ilisahau kuota. Januari maji huwa meusi na safi, unawaona kome waliolala chini ya gati. Jua likirudi juu ya mlima mwishoni mwa Februari, maji huanza kubadilika kidogo kidogo, na ikifika Aprili yamekuwa ya kijani kizito. Nyavu hupanda zimejaa utelezi, na gati zima hunuka matango mabichi. Hiyo ni mimea midogo mno, hata ukiikodolea macho mmoja mmoja huuoni. Wataalamu wanaiita planktoni. Sisi tunaiita uoto, na wavuvi wana majina mengine ambayo sitayaandika, maana utelezi wa nyavu hauoshwi kwa maneno mazuri.

Kila Jumatano saa sita mchana, kwa miaka thelathini na moja, Eilert Brekkøy alipiga makasia kutoka gatini hadi kwenye boya jekundu, mwendo wa mita mia mbili, kwenda kuupima uoto huo. Alikuwa fundi wa mashua, mrefu, mkimya, mkaidi kuliko mbuzi. Kipimo chake kilikuwa sahani ya chuma iliyopakwa rangi nyeupe, kubwa kama sinia la kahawa, chini yake kipande kizito cha risasi, imefungwa kwenye kamba yenye fundo kila nusu mita. Unaishusha upande wa kivuli cha mashua, bila miwani ya jua, huku unaitazama mpaka ipotee. Kisha unahesabu mafundo. Uoto ukiwa mwingi, sahani inapotea karibu. Uoto ukiwa mchache, inapotea mbali. Januari ilikuwa inapotea kwenye mita kumi na tatu, na katikati ya Aprili kwenye nne. Elimu yote ni hiyo, na kule kwenye kituo cha utafiti mjini walikuwa wamejaza kabati zima kwa namba zake.

Kazi hiyo kituo kiliwapa yeye na mkewe, Borghild, pamoja. Hapakuwa na mshahara. Walipata kalenda kila Krismasi na barua ya shukrani. Sharti lilikuwa moja tu, wawe watu wawili. Mmoja anashusha na kutaja namba, na wa pili, kabla ya kuandika, naye ainame atazame kwa macho yake. Na Borghild hakuwa mtu wa kuandika tu anachoambiwa. Siku za utulivu tulimsikia hadi dukani akibishana naye. Eilert akisema saba, yeye anasema shusha tena, wewe umelala. Wageni wa kiangazi walidhani wanagombana. Sisi tulijua kwamba ndivyo walivyokuwa wakipendana, kwa sababu nyumbani hawakuwa na maneno mengi, na watoto hawakujaliwa.

Borghild alikufa ghafla mwezi wa Aprili, Jumapili, akimenya viazi. Moyo ulisimama. Jumatano iliyofuata, kabla hata hajazikwa, Eilert akapiga makasia kwenda kwenye boya. Kisiwa kizima kilisema. Nami nilisema, tena kwa sauti, kwamba mwanamume gani huyu anayeacha maiti ya mkewe kwenda kupima maji. Ningeweza kuyameza maneno hayo leo, ningeyameza.

Tangu siku ile akawa anakwenda peke yake, na sharti la wawili hakuna aliyelikumbusha. Alishusha, akatazama, na akaendelea kutaja namba kwa sauti kubwa, kama zamani. Nilikuwa namsikia nikipanga mikate: “Sita na nusu!” Halafu kimya, kama anayengoja abishiwe. Halafu anainama kuandika mwenyewe. Jambo hilo lilinikera, na nasema ukweli, lilinikera kwa sababu lilikuwa linaniuma. Mimi pia ni mjane. Najua sauti ya mtu anayezungumza na kiti.

Ikapita miaka. Halafu nikaanza kuona mambo. Eilert alikuwa mtu wa kununua kitu kile kile: mkate wa shayiri, jibini ya kahawia, viazi, na makopo mawili ya samaki. Siku moja akaniletea mezani makopo mawili ya mapichi katika maji ya sukari. Nikamtazama. Hakuonekana mtu aliyebadili mawazo. Nikayarudisha kimyakimya, nikamtilia ya samaki mfukoni, akaenda zake. Wiki iliyofuata ilikuwa hivyo hivyo. Mara nyingine aliliamkia koti langu lililotundikwa karibu na mlango, na mimi niliyekuwa nyuma ya rafu nikaitikia kwa niaba ya koti. Nilijua ni mtoto wa jicho. Baba yangu alikuwa naye. Lakini mzee mkaidi utamwambiaje? Nikajiambia namsitiri, na nikaendelea kubadilisha makopo kwa miaka minne. Kuhusu sahani sikuwaza kabisa. Naapa sikuwaza.

Basi, Januari mwaka jana, Oddny akaingia dukani na barua mkononi, uso umemwiva. Oddny ni binti wa marehemu kaka yangu. Alirudi kisiwani na mumewe wakaweka vizimba vinane vya samaki aina ya samoni upande wa kaskazini. Wameajiri watu sita, na watoto wao wawili ni kati ya wanafunzi tisa waliobaki katika shule yetu. Barua ilitoka halmashauri. Ilisema kibali cha vizimba huenda kisirefushwe, kwa kuwa mabaki ya chakula cha samaki yanairutubisha bahari kupita kiasi na uoto unazidi mwaka hadi mwaka. Ushahidi ulikuwa mchoro mmoja, mstari unaopanda miaka tisa mfululizo, na chini yake jina la mpimaji: E. Brekkøy. Mkutano ungefanyika ukumbini mwezi wa Februari.

“Shangazi, huyu mzee wako ananimaliza,” akasema Oddny. “Mimi sijamkosea kitu. Kila nikipita na boti nampungia mkono, hata kichwa hatikisi. Ananichukia.”

Nikamwambia Eilert hamchukii mtu, ni mkimya tu. Hakunisikiliza. Alisema mzee anaishusha sahani nusu, anaandika anachotaka, na kwamba hakuna anayemwangalia.

“Nenda naye wewe,” akasema. “Wewe atakukubalia. Nenda uone kwa macho yako anafanya nini kule.”

Sikupenda kutumwa kupeleleza. Lakini kama vizimba vikifungwa, Oddny angehama, na mimi sina mtoto mwingine wa damu hapa kisiwani zaidi ya yeye. Kwa hiyo Jumatano nikageuza kibao cha mlangoni, nikavaa buti, nikamkuta Eilert gatini akifungua kamba. Nikamwambia nimechoka kunusa jibini, nataka upepo. Akanitazama, au akatazama mahali nilipokuwa, kisha akasogeza daftari kwenye kiti cha nyuma ili nikae.

“Unajua kuandika namba?” akauliza.

“Nakuandikia hesabu zako miaka yote hii.”

“Ndiyo maana nauliza,” akasema. Sikuwa nimemsikia akitania tangu mazishi.

Kulikuwa shwari, mbingu ya kijivu, baridi ya kukata masikio. Kwenye boya akasimamisha mashua, akainama, akashusha. Mikono yake ilihesabu mafundo bila kuyaangalia. Mimi nami nikainama upande wangu. Sahani ikashuka taratibu, nyeupe, kisha ya kijani hafifu, ikizidi kuwa ndogo.

“Imepotea,” akasema Eilert. “Nane!”

Alilisema kwa nguvu, kuelekea kwangu, na uso wake ulikuwa na furaha kidogo. Nami nilikuwa naiona. Ilikuwa pale chini, wazi kabisa, kama kitufe cha shati. Nikafumba macho nikafumbua. Ilikuwa bado pale. Akaanza kuivuta.

Nikaandika nane.

Sijui nilifikiri nini. Nafikiri sikufikiri. Alinikaribisha kahawa, nikaenda, na huko ndiko nilikozidi kufungwa mdomo. Nyumba ilikuwa safi kwa namna ya mtu asiyeona vizuri, katikati pamefagiliwa na pembeni pana vumbi la miaka. Ilipokaribia saa saba akaenda kwenye kioo cha ukumbi mdogo, akalowesha kichana, akachana nywele. Nikadhani kuna mgeni. Akakaa kando ya simu. Simu ikalia. Ilikuwa Tordis, mtumishi wa kituo cha utafiti, anayepiga kila Jumatano kuchukua namba. Eilert akamtajia nane. Kisha akaulizwa juu ya upepo, akaeleza upepo. Akaulizwa kama tai wa baharini amerudi, akaeleza habari za tai kwa dakika tatu nzima, na akacheka. Eilert, akacheka! Alipoweka simu alikaa ameishika bado, kama mtu anayepasha mikono.

“Huyu binti ana adabu,” akaniambia. “Hatujawahi kuonana.”

Nikauliza ni nani mwingine humpigia. Akasema mwaka juzi kuna mtu alipiga akiuza madirisha.

Nilirudi nyumbani nikala viazi baridi nikiwa nimesimama. Kwa wiki mbili sikumwambia Oddny neno. Alipokuja nilimwambia mzee anashusha sahani vizuri, bila hila, na huo haukuwa uongo. Akakaa kwenye gunia la chumvi. Hakupiga kelele tena, na hilo lilikuwa baya zaidi. Alisema mumewe ameshaulizia nyumba mjini. Alisema mdogo wao ameuliza kama paka atapanda feri.

“Na kuna kitu sikielewi, shangazi,” akasema akiutazama mchoro. “Aprili sawa, ni msimu. Lakini anasema hata Januari maji yamezidi kuchafuka, kutoka kumi na tatu mpaka nane. Januari jua halipo. Uoto unaota kwa kula nini?”

Nilijifanya natafuta chenji. Usingizi wa siku zile sikuupata. Upande mmoja mtoto wa kaka yangu angeondoka, na shule nyuma yake. Upande mwingine mzee angenyang'anywa saa moja ya wiki yake ambayo mtu humuuliza habari za tai. Na katikati niko mimi, mwanamke ninayejulikana kisiwa kizima kwa kusema lililo moyoni, nimenyamaza kama jiwe.

Jumatano iliyofuata nikaenda naye tena. Alikuwa ameniwekea mto kwenye kiti cha nyuma. Mto ule karibu unishinde. Tulifika kwenye boya, akashusha, nikainama. Kwenye mafundo ya mita nane mikono yake ikasimama.

“Imepotea. Na…”

“Bado naiona, Eilert.”

Hakugeuka. Alibaki ameinama, kamba imekazika mikononi.

“Sema tena.”

“Bado naiona. Shusha.”

Akashusha fundo moja. Nikasema naiona. Akashusha jingine. Naiona. Tulikwenda hivyo, fundo kwa fundo, naiona, naiona, mpaka kwenye mita kumi na mbili na nusu nikasema imepotea. Mashua ilizunguka kidogo kwenye mkondo. Mwishowe akavuta kamba yote, akaikunja vizuri, akaweka sahani magotini akawa anaifuta kwa kiganja.

“Januari hakuna kinachoota,” akasema. “Unadhani silijui hilo? Mimi?”

“Ulijua tangu lini?”

“Majira mawili ya baridi. Mwanzo nilidhani ni bahari. Nikasema labda ni matope ya mto, labda ni vizimba vya yule binti. Halafu nikaona hata mlima nao umeingia ukungu siku za jua.” Akaigeuza sahani magotini. “Mlima hauna uoto.”

Nikamuuliza mbona hakusema. Nilimuuliza kwa ukali, kwa sababu nilikuwa najiuliza mimi mwenyewe.

“Nikisema, wanachukua sahani,” akasema. “Wakichukua sahani, Jumatano inakuwa siku tu kama nyingine. Ninazo sita kama hizo tayari, Magnhild, na sijui nizifanyeje.”

Basi na mimi nikatapika yangu. Nikamwambia habari za mapichi. Nikamwambia kwamba nimekuwa nikimbadilishia makopo, na kwamba koti alilokuwa akiliamkia halikuwa mimi. Nilitegemea atacheka, au atakasirika. Alihesabu.

“Miaka minne?”

“Minne.”

“Ungeniambia siku ile ya kwanza,” akasema polepole, “ningeharibu mitano tu.”

Hakunilaumu zaidi ya hapo. Aliyashika makasia akatupeleka gatini, na njia nzima alikuwa akitazama juu ya bega langu mahali ambapo mimi niliona nyumba na yeye, sijui, labda aliona rangi. Saa saba simu ilipolia nilikuwa bado mlangoni kwake. Nilimsikia akimwambia Tordis kumi na mbili na nusu. Kisha akasema kwamba amepimiwa na mtu mwingine, na kwamba ana jambo la kueleza, lakini kwanza amwambie: tai bado hajarudi.

Mkutano wa Februari ulijaa. Kwetu mkutano ukijaa maana yake ni watu hamsini na kahawa inaisha. Afisa wa halmashauri alitundika ule mchoro ukutani akaueleza kwa fimbo. Vizimba ni mbolea, mbolea ni uoto, uoto ni maji machafu, na hapa kuna miaka tisa ya ushahidi kutoka kwa mpimaji mzoefu kuliko wote pwani hii. Oddny alikaa mbele, mgongo umenyooka, mumewe amemshika mkono. Eilert alikuwa nyuma karibu na mlango, amevaa suti ya mazishi. Aliposimama, afisa akadhani anasimama kupongezwa, akaanza kupiga makofi, na watu wachache wakamfuata.

“Acheni,” akasema Eilert, na makofi yakafa. “Huo mstari si wa bahari. Ni wa jicho langu. Maji ni yale yale, mimi ndiye niliyeingiwa na ukungu. Nimejua miaka miwili na nimenyamaza, na huyu binti alikuwa afukuzwe kwa ajili yangu. Nimemaliza.”

Nyuma mvuvi mmoja akasema ndiyo maana ile mashua aliyomtengenezea ilikuwa inakwenda upande. Watu wakacheka, cheko la kushukuru kwamba kuna mtu amesema kitu. Eilert hakucheka. Oddny aligeuka akamtazama. Afisa akauliza mambo ya utaratibu, kama kuna cheti cha daktari, kama kuna maandishi. Nikasimama nikamwambia kwamba shahidi ni mimi, nimeiona sahani mita nne na nusu zaidi yake, na kama anataka maandishi aje dukani nimwandikie kwenye karatasi ya kufungia samaki. Alikaa chini.

Oddny alirefushiwa kibali chake miezi miwili baadaye. Kabla ya hapo alikwenda kwa Eilert na samoni mzima mikononi, amemfunga kwa kitambaa safi. Aliniambia kwamba mzee alimpokea vizuri, wakazungumza juu ya mikondo, kisha akamrudishia nusu ya samaki kwa kuwa ni mwingi mno kwa mtu mmoja. Sahani wakaja kuichukua vijana wawili wa kituo kwa boti ya injini. Mahali pake waliweka chombo kinachojipima chenyewe kwenye boya, kina taa ndogo ya kijani, na namba zake zinakwenda mjini zenyewe kila saa bila kupitia kwa mtu. Walikuwa vijana wema. Walimpa Eilert mkono, wakamshukuru, wakanywa kahawa yake wamesimama.

Jumatano ya kwanza baada ya hapo alikuja dukani saa saba kasoro. Hakuhitaji kitu. Alisimama mbele ya rafu ya makopo, nikamwambia kushoto ni samaki, kulia ni mapichi, akasema asante. Nikamwekea kiti. Alikaa mpaka saa saba ikapita, kisha akaenda. Jumatano ya pili hakuja, na mimi sikwenda kumwita, nikajiambia labda anapumzika. Tazama jinsi mtu anavyojiambia mambo.

Uoto ulikuwa mkubwa mwaka huo. Aprili ghuba ilikuwa kijani mpaka kwenye mawe ya ufukweni, nyavu zilipanda nzito kama mablanketi ya maji, na wavuvi walitukana kutwa nzima. Eilert alikuja gatini siku moja akainama akachota maji kwa mkono, akanusa. Akaniuliza ni kijani cha namna gani. Nikajitahidi, nikamwambia kama mbaazi zilizopondwa. Akasema hiyo ni ya kati, bado wiki moja uoto ufike kilele. Na kweli ilikuwa wiki moja.

Mwezi wa Mei barua kutoka kituoni ikaja. Posta iko dukani kwangu, kwa hiyo niliiona kabla yake. Zamu yake ya kupasuliwa jicho ilikuwa bado miezi mitatu, na barua yenyewe ilikuwa ndefu, herufi ndogo. Akaniomba nimsomee. Tulikuwa wawili tu. Niliifungua, nikaipitisha macho haraka, na nikaona kilichokuwemo, na mara moja ulimi wangu ukaanza kutafuta njia ya kukwepa. Ningeweza kuruka. Ningeweza kusema wanashukuru sana, basi, kahawa. Asingejua kamwe.

Nikasoma yote. Walimshukuru kwa ukweli wake, walisema ulihitaji moyo. Walisema wamejaribu kuokoa sehemu ya vipimo vya miaka ya karibuni, lakini hawawezi kujua jicho lilianza lini. Na halafu ikaja sentensi yenyewe, nikaisoma kama ilivyo: “Kwa kuwa vipimo vyote vya miaka hii tisa, kuanzia tarehe kumi na tisa Aprili, vilichukuliwa na mtu mmoja, bila mtu wa pili wa kuthibitisha, tumelazimika kuviondoa, na kumbukumbu za Skjelvær sasa zinakomea tarehe kumi na mbili Aprili.”

Jumatano ya tarehe kumi na mbili Aprili ndiyo ya mwisho Borghild kukaa kwenye kiti cha nyuma. Hilo sikuhitaji kulihesabu, wala yeye. Nililohesabu ni lingine. Miaka tisa ni Jumatano mia nne sitini na kitu. Kila moja ya hizo nilikuwa hapa, mita mia mbili, nina macho mazima na buti zangu nyuma ya mlango. Hawakuondoa kazi ya Eilert kwa sababu ya jicho. Waliiondoa kwa sababu alikuwa peke yake, na peke yake tulimwacha sisi, mimi wa kwanza.

Eilert alikuwa amekaa na kofia magotini. Nje feri ilikuwa inafunga kamba na mtu anaita jina la mbwa.

“Irudie hiyo ya mwisho,” akasema.

Nikairudia, mpaka tarehe.

“Ndiyo,” akasema. “Ndivyo ilivyokuwa.” Akavaa kofia yake, akapapasa mpaka akapata ukingo wa meza, akasimama. “Umesoma vizuri. Hukuruka.”

Nikamwambia sikuruka. Nikataka kumwambia na mengine, kwamba Jumatano nafunga duka saa sita, kwamba mashua bado ipo, kwamba mto bado uko kwenye kiti, lakini yeye alikuwa ameshafika mlangoni, akitafuta kitasa kwa mkono.